Alama Moja ya Thorngill

Mume wangu aliacha kuongea na kaka yake mwezi wa pili mwaka 1966, na sababu ilikuwa mguu. Mguu uliogusa, au haukugusa, maji ya korongo la Thorngill. Nikiwaambia wageni wanacheka. Wacheke tu. Mimi nimeishi nyumba moja na huo mguu miaka arobaini na nane, na sijaona cha kuchekesha.

Naitwa Muriel. Ewart Fawcett, mfuga kondoo, ndiye mume wangu. Ng'ambo ya mto anakaa Amos, kaka mkubwa wa Ewart, na huyo Amos ndiye ninayetaka kumsema leo. Zamani nilipenda sana kumsema, na kwa ubaya. Kwa kazi hiyo nilikuwa fundi, msinione hivi.

Mchezo wetu huku bondeni si wa mbio. Pikipiki inapanda mawe, inavuka kijito, inapita kwenye tope na mizizi, tena polepole kuliko mtu anayekwenda kwa miguu, na mpandaji ana kazi moja tu: asiweke mguu chini. Ukigusa mara moja, unaandikiwa alama moja. Ukigusa tena, tatu. Ukisimama au ukianguka, tano. Usipogusa kabisa unaambiwa "safi!" na unaondoka umevimba kichwa. Mwenye alama chache ndiye bingwa. Na kila mahali pagumu pana mwangalizi wake, mtu wa kawaida tu, mkulima au mwashi, amesimama mvuani na kadi na penseli. Akishasema amesema. Hakuna rufaa, hakuna kubishana, na ukibisha unafukuzwa klabu.

Na enzi zile, jamani! Siku hizi wanapanda vidude vyepesi visivyo hata na kiti, wanarukaruka kama panzi, mimi nasinzia. Zamani pikipiki ilikuwa ni ileile iliyokupeleka sokoni Ijumaa. Ijumaa jioni unang'oa taa na kibao cha namba, Jumamosi asubuhi uko mlimani. Huku kwetu ilikuwa Jumamosi kwa sababu wazee wa kanisa hawakutaka kusikia injini siku ya Bwana. Hakuna aliyevaa kofia ngumu. Ni kofia ya kitambaa, koti lililopakwa nta na mabuti ya mpira mpaka mapajani. Injini zilikuwa na sauti za watu: ukiwa jikoni unaisikia moja inakohoa kilimani, unasema huyo ni Tot Harker, na kweli ni Tot Harker. Ewart alikuwa na pikipiki aina ya Greeves, ya samawati. Aliipanda kwa utulivu mpaka ulidhani imelala. Nilimfahamu mwezi wa nne mwaka uleule wa 1966. Alikwama topeni mbele yangu, akaniomba nisukume, nikachafuka gauni lote. Nikampenda palepale, Mungu anisamehe.

Basi miezi miwili kabla ya hapo ndipo lilipotokea la Thorngill. Baba yao, mzee Jonas, alikuwa mtu wa kanisa hasa, mkavu, na pikipiki aliiona ni upuuzi wa watu wasio na kondoo. Asubuhi ya mashindano makubwa alisema mezani, mbele ya wanawe wote wawili, "Ukirudi wa kwanza au wa pili, kaa nayo. Ukirudi wa tatu, Jumatatu inakwenda mnadani, na sitaki kuisikia tena kwangu." Hakuwa mtu wa kutania. Alikuwa ameshauza kinanda cha mkewe kwa maneno hayohayo.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku na mwangalizi wa Thorngill hakuweza kufika. Klabu ikahangaika, ikamwona Amos amekuja kuangalia, ikampa kadi na penseli ikamwambia nenda. Hakuna aliyejali kwamba atamwandikia ndugu yake. Bonde letu ni dogo, ukikataa ndugu kuandika ndugu huna mashindano.

Ewart akapita Thorngill. Akatoka juu, anajua ni safi. Akamsikia kaka yake anapiga kelele, "Moja!"

"Moja ya nini?"

"Umegusa. Moja. Nenda."

"Sijagusa, Amos! Naapa sijagusa!"

"Moja, nimesema. Usinicheleweshe, wengine wanasubiri."

Kijana mmoja wa kutoka mkoa wa jirani, Lancashire, akashinda kwa alama kumi na mbili. Ewart kumi na tatu. Tot Harker kumi na nne. Greeves haikuuzwa, lakini kikombe kilikwenda Lancashire kwa ile alama moja, maana wakilingana anashinda mwenye "safi" nyingi, na hizo alikuwa nazo Ewart. Ewart akasema mbele ya watu kwamba kaka yake ni mwongo, ni mwivu, amemwibia mchana kweupe. Kuanzia siku ile hakumwambia neno. Wala "niletee chumvi." Baba yao alipokufa waligawana mifugo kupitia kwa mchungaji wa kanisa, mmoja amesimama huku, mwingine kule.

Nikaolewa katika ugomvi huo na nikaubeba, tena kwa nguvu kuliko mwenyewe. Mke wa Amos alikuwa Hester. Tulisoma darasa moja, tulikuwa tunabadilishana soksi. Baada ya harusi yangu sikumsalimia. Yeye alinisalimia kila Jumapili kanisani, "Habari za asubuhi, Muriel," na mimi naangalia dari. Kila Jumapili, hebu fikirieni. Alikufa mwaka 2009. Kengele ililia, nikaisikia nikiwa nakanda unga, na sikwenda.

Huyo Amos naye hakuwahi kumiliki pikipiki. Alitembea kwa miguu kila mahali. Lakini tangu siku ile ya Thorngill hakukosa shindano hata moja kama mwangalizi. Mvua ya mawe, yeye yuko. Penseli ilining'inia shingoni kwa uzi wa kufungia marobota, na peremende zilijaa mfukoni, akimpa kila aliyeanguka. Na alikuwa mkali! Alimpa mchungaji tano. Alimpa binti yake mwenyewe tano siku ya kuzaliwa kwake, mtoto akalia mpaka kwikwi. Watu wa bondeni wakitaka kusema jambo haliwezi kubadilishwa, walisema, "Hiyo kaandika Amos." Mimi nikisikia hivyo nilicheka kwa dharau. Nilisema, mtu akishaiba mara moja lazima aigize utakatifu maisha yake yote.

Mwaka 2015 klabu ikaamua kutengeneza kikombe cha waangalizi na kukiita jina la Amos Fawcett. Ewart alipopata barua alikunja uso nikadhani kapooza. "Jina lake? Kwenye kikombe cha fedha? Mimi nikiwa hai?"

Sasa sikilizeni. Wiki ileile, binti wa daktari wa mifugo wa zamani alimpigia simu Janice Peacock, katibu wa klabu. Baba yake alikuwa amefariki, na darini ameacha makopo ya filamu. Daktari yule alipenda kuzunguka na kamera ndogo ya sinema, halafu hakumwonyesha mtu, aliweka tu. Kopo moja liliandikwa kwa mkono wake: Thorngill, 1966.

Ewart alikaa chini aliposikia. Halafu akasimama, akavaa tai, akaenda kwa Janice. Alisema: ionyeshwe filamu kwanza, Jumamosi, mbele ya wote. Ikionekana mguu wake uligusa, atasimama amwombe kaka yake radhi hadharani. Ikionekana haukugusa, jina la Amos lisiwekwe hata kwenye kijiko.

Janice akampelekea Amos habari. Na Amos, mtu mzima wa miaka sabini na nne, akamwomba Janice asiionyeshe. Alisema, "Acha, mama. Iache darini." Janice alituambia mwenyewe.

Lo! Nilipiga meza kwa furaha. "Umeona?" nikamwambia Ewart. "Mwizi kajijua! Anatetemeka!" Siku mbili nzima nilikuwa naimba nikiosha vyombo.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka watu walikaa madirishani. Meza ilikuwa na chai, na keki ya matunda imewekewa jibini juu, kama kawaida. Nje walikuwa wamepanga pikipiki za zamani zimepigwa msasa zikang'aa, na wazee wanazishika matangi kama wanavyoshika farasi. Tot Harker alikaa karibu na keki. Ewart na mimi tulikaa mstari wa mbele. Amos aliingia mwisho, peke yake, akasimama nyuma karibu na mlango na kofia mkononi. Nikageuka nikamwangalia vizuri, nimfaidi.

Mapazia yakafungwa, mashine ikaanza kukereza.

Haikuwa na sauti. Theluji ilikuwa imefunika mawe yote, maji meusi yakishuka katikati. Akapita mmoja, akaanguka. Akapita Tot, mwembamba, ana nywele! Watu wakashangilia. Kisha ikaja ile ya samawati, ingawa kwenye filamu ilikuwa ya kijivu, na juu yake mume wangu wa miaka ishirini na miwili. Nikashika mdomo. Nilikuwa nimesahau alivyokuwa mzuri.

Akaingia majini. Akapita jiwe la kwanza, la pili. Na pale, jamani, mguu wa kushoto ukateleza kwenye kikanyagio, ukazama majini mpaka kifundo, ukarudi. Wazi kabisa. Mtoto angeona.

Ukumbi ukavuta pumzi. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Amos alikuwa na haki." Mkono wa Ewart ulikuwa ndani ya wangu, nikausikia umekuwa baridi. Aliapa kwa Mungu miaka yote ile na hakuwa anadanganya. Maji ya barafu, mabuti ya mpira mpaka mapajani, miguu imekufa ganzi tangu asubuhi. Hakusikia kitu.

Lakini filamu ilikuwa bado inakwenda. Pikipiki ikayumba upande wa pili, na mguu wa kulia ukatoka, ukakanyaga jiwe, ukasukuma. Ukasukuma kweli, goti likakunjuka, na yeye kwa ganzi ileile hana habari. Kisha akapanda ukingo akatoka. Na pembeni ya picha, futi sita tu kutoka kwenye lile jiwe, amesimama Amos kijana na kadi yake. Anautazama mguu wa kulia. Anautazama unapokanyaga, anautazama unapoinuka. Halafu anainua mkono juu, na mkononi kuna kidole kimoja.

Hata mashine nadhani ilikuwa inaona aibu.

"Rudisha," Ewart akasema.

Janice akarudisha. Kushoto. Kulia. Kidole kimoja.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu Tot Harker akanyoosha kidole, keki mdomoni. "Lakini hiyo ni tatu," akasema. "Jamani, hiyo si moja. Hiyo ni tatu."

Mapazia yakafunguliwa na wote tukageuka nyuma. Mwili wangu ulikuwa umekufa ganzi kama miguu ya Ewart. Amos hakuwa amekimbia. Alikuwa anaizungusha kofia yake taratibu kwa vidole.

"Ni tatu," akasema. "Niliona siku ile, na niliona vizuri. Nikaandika moja. Kwa hiyo, mama Janice, hicho kikombe msiweke jina langu. Nilikuomba usiionyeshe. Basi."

"Lakini kwa nini, mzee Amos?" Janice alikuwa karibu kulia. "Wewe? Wewe uliyempa mwanao tano?"

Amos akaangalia chini. "Tatu ingemfanya awe na kumi na tano. Angekuwa wa tatu. Na wote hapa mnamkumbuka baba."

Wazee walimkumbuka. Niliwaona wanavyoelewa mmoja baada ya mwingine, nyuso zinabadilika mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu sikutaka kuelewa. Bila kile kidole, Greeves ingeuzwa Jumatatu. Mwezi wa nne Ewart asingekuwa mlimani, asingekwama topeni, nisingechafua gauni. Asingepanda miaka thelathini mingine, zile Jumamosi alizokuwa anarudi amepakaa matope mpaka masikioni na ana furaha nyumba nzima inajaa. Na wanangu watatu je? Nilikaa pale nimeshika kikombe cha chai, nikaona maisha yangu yote yametoka mfukoni mwa mtu niliyemtukana tangu siku ya harusi. Mungu wangu. Nilitaka ardhi inimeze.

Ewart akasimama. Maneno yake ya kwanza kwa kaka yake baada ya miaka arobaini na tisa yalikuwa haya, na yalitoka kama mkwaruzo: "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeikubali?"

Ewart akashika mgongo wa kiti.

"Si ndiyo hapo?" Amos akasema. "Nakujua mimi. Ungekwenda kwa katibu palepale, umelowa, ukadai tatu yako. Mjinga wewe, hujawahi kuiba hata yai. Ungeiua pikipiki yako mwenyewe kwa mdomo wako."

"Lakini miaka yote, Amos!"

"Nilidhani utanuna mpaka Pasaka."

Akasema hivyo tu, taratibu, kama mtu anayeomba samahani kwa kukosea hesabu. Mpaka Pasaka! Kuna mwanamke alipiga ukelele, sijui nani. Labda ni mimi.

Ewart hakumwendea. Alikwenda meza ya Janice. "Leta daftari la matokeo la sitini na sita," akasema.

"Ewart, mzee wangu, acha, imeshapita..."

"Lete daftari!"

Likatolewa kabatini. Akaweka kidole chake kinene kwenye mstari. "Hapa. Andika tatu. Mimi kumi na tano, wa tatu. Tot wa pili. Andika kwa wino."

"Miaka arobaini na tisa!" Tot akalia. "Mke wangu kafa anajua ameolewa na wa tatu!"

Ukumbi ukapasuka, watu wanacheka na machozi yanawatoka, hawajui washike lipi. Ewart akageuka kutimiza ahadi yake ya kuomba radhi. Akafungua mdomo. Mlangoni hapakuwa na mtu. Amos alikuwa amevaa kofia yake akaondoka.

Ewart akatoka mbio bila koti. Ana miaka sabini na moja na nyonga ya chuma, na alitoka mbio.

Mimi nilibaki natafuta funguo za gari, funguo zinaanguka, naokota, zinaanguka. Nilipowafikia walikuwa karibu na daraja, mvua imeanza. Ewart amevishwa koti la Amos. Nilidhani nitawakuta wamekumbatiana. Wapi! Walikuwa wanagombana kwa sauti mpaka kondoo wamekaa mbali.

"Upepo ulikuwa mwingi tairi la nyuma! Nilikuambia asubuhi ile!"

"Hukuniambia kitu!"

"Nilikuambia, ukanijibu nikalishe kondoo! Ungepunguza upepo usingeteleza!"

"We Amos, wewe hata baiskeli huwezi!"

Nikashusha kioo. "Mnapanda au hampandi?"

Wakapanda nyuma wote wawili, wanabishana bado, wanaloweka viti. Niliendesha kidogo. Kisha nikashindwa kujizuia. "Shemeji," nikasema, na sikuwahi kumwita hivyo. "Hester alijua?"

Amos akavua kofia.

"Alijua," Amos akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kila mwaka aliniambia, mwambie Muriel hata kama humwambii Ewart. Na kila mwaka inazidi kuwa ngumu. Mwishoni akaacha kuniambia. Akawa anakusalimia tu."

Nilikuwa natazama barabara na siioni, Ewart ananiambia, "Punguza, Muriel, punguza." Nilipita njia ya kwetu bila kukunja, nikavuka mto, nikapanda kilima mpaka kwa Amos. Wenyewe wazee, mvua inanyesha, nikawaambia wakae, nitashuka mimi kufungua lango. Lile lango nimelitazama kila siku kutoka jikoni kwangu tangu niolewe, nikiosha vyombo, nikikanda unga. Nilipofika mbele yake sikujua linafunguka upande gani.